Jicho la Mama na Maji ya Bwawa

Voi, Jumamosi, Oktoba 1984

Jua limewaka tangu asubuhi kama limetumwa. Upepo unatoka upande wa mbugani na vumbi lake jekundu, na mimi nimekaa kwenye benchi nje ya wadi ya wanawake, daftari mapajani, kalamu inavuja.  Nimeshakunywa chai na mandazi.

Leo wamemfungua mama bandeji.

Nitaandika kwa utaratibu. Nikianzia mwisho nitalia tena, na yule dada wa mapokezi ameshanitazama vya kutosha kwa siku moja.

Nilifika nyumbani mwanzoni mwa mwezi huu, kutoka Ulaya ninakosomea fizikia. Nyumba yetu iko upande wa Ndara, chini ya kilima, karibu na bwawa la ranchi anayofanyia kazi kaka yangu Mwakio. Nilijua mama haoni vizuri, Mwakio alikuwa ameniambia. Lakini nilikuwa nimelifikiria jambo lenyewe kwa mbali, kama mtu anayefikiria mvua ya kwao akiwa nchi nyingine. Halafu mama akatoka mlangoni mkono mbele, anapapasa hewa, akasema, Wakesho huyo, kabla sijafungua mdomo. Ati bado nakanyaga chini kama mtu aliyechelewa shule.

Alikuja moja kwa moja kwenye uso wangu na mikono yake yote miwili. Hapo nikafanya jambo la kitoto sana. Nikavua miwani haraka haraka nikaitia mfukoni.

Miwani hii nimeivaa tangu mwaka wa pili wa masomo. Ni minene. Na mama, tangu nikiwa msichana wa kusomea kwenye taa ya chemni, wimbo wake ulikuwa mmoja: utasoma mpaka macho yakuishe. Sasa macho yaliyokwisha ni yake, nami niko mbele yake nimevaa vioo. Niliona huo ni mzigo ambao hauna haja ya kumtwisha. Akanishika mashavu, paji, pua, akasema sijabadilika hata kidogo. Mwakio akakohoa akaangalia pembeni.

Basi nikawa naishi hivyo. Mama akinijia karibu, miwani mfukoni. Akienda, miwani usoni. Mwakio alisema nafanana na mwizi wa kuku.

Hapa nyumbani watu wakiniuliza nasomea nini, najibu fizikia, wanatikisa kichwa kwa heshima, tunahamia habari za ukame. Mwakio si wa hivyo. Yeye ndiye anayeangalia pampu ya ranchi, na akiona kitu hakielewi anakifungua mpaka kieleweke. Jioni moja aliniweka chini kabisa. Alitaka nimwonyeshe, si nimweleze.

Nikamwambia kazi yangu ni hii. Tunachukua maji yenye chembe ndogo sana ndani yake, ndogo hata hadubini ya kawaida haizioni. Tunapitisha katikati mwali mwembamba wa leza. Halafu hatuangalii mwali wenyewe, tunaangalia mwanga unaotawanyika pembeni. Mwanga ule hautulii, unametameta. Chembe ndogo zinachezacheza haraka, basi nao unametameta haraka. Chembe kubwa zinajikokota, nao unajikokota. Ukisoma kule kumetameta unajua chembe zina ukubwa gani, na unajua kama zimeanza kushikana.

Tatizo letu ni dunia yenyewe. Chembe zikishikana zinakuwa nzito, zikiwa nzito zinazama, na habari nzima inakwisha chini ya chupa kabla hujaisoma vizuri. Ndiyo maana mwalimu wangu anaomba nafasi ya kichupa chetu kwenye chombo cha anga, huko ambako vitu havina uzito na tope halijui liende wapi. Nikirudi, kazi yangu ni kukitayarisha hicho kichupa.

Mwakio alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama kwetu kuna kitu chochote kinachofanana na hayo.

Kiko tele. Mwaka huu mvua imetukataa, bwawa limebaki kidimbwi, na ndovu wanaingia humo wanakoroga mpaka maji yana rangi ya chai ya maziwa. Tunayachota hivyo hivyo. Nyumbani mama anasaga kipande cha shabu, lile jiwe jeupe la kusafishia maji, anakitia mtungini, anakoroga, anaacha. Baada ya muda tope lote limeshuka chini na juu unachota maji meupe. Kila nyumba huku inafanya hivyo. Shabu inauzwa kibandani kwa Mama Mutua, jirani yetu, Mkamba aliyehamia huku zamani akawa wa kwetu.

Nikajaza glasi maji ya bwawa, nikazima taa, nikapitisha mwanga wa tochi ya Mwakio. Glasi nzima iliwaka ndani kama moshi, na ukutani kukabaki doa hafifu la rangi ya chungwa. Nikamwonyesha: mwanga haukupotea, umetawanywa na chembe, kila moja imeutupa upande wake. Kisha nikatia shabu. Tukasubiri tukila. Tope liliposhuka nikapitisha tochi tena, na safari hii glasi haikuwaka ndani, mwanga ukapita ukaenda kukaa ukutani ukiwa mweupe.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda chake anasikiliza. Haoni glasi, haoni ukuta. Akauliza, "Umepita?"

Mwakio akamjibu umepita, mama.

Halafu mama akauliza kama ndani ya jicho lake kuko hivyo hivyo.

Nilifurahi. Lazima niseme ukweli wangu hapa, nilifurahi sana, maana ilikuwa mara ya kwanza mama yangu kuniuliza swali juu ya kazi yangu. Nikamwambia ndiyo, kuko hivyo hivyo. Mtoto wa jicho ni chembe zimejaa kwenye kioo cha jicho, mwanga ukiingia unatawanywa kabla haujafika ndani. Kama maji ya bwawa, nikamwambia.

Akasema basi ndiyo maana taa imefuga nywele.

Nilimwuliza nywele gani. Akanieleza kwamba taa ya chemni anaiona imezungukwa na nywele nyeupe pande zote, ndefu, na mwezi ukitoka si mmoja, ni mingi imelaliana. Na mchana ni mbaya kuliko jioni, jua linajaa jicho lote mpaka hakuna nafasi ya kuona kitu kingine. Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida, anachambua mchicha kwa vidole.

Miaka yangu yote ya maabara nimeutazama mwanga ukitawanyika, nikiwa nje ya kichupa. Mama anaishi ndani yake.

Sasa, kulikuwa na habari kwamba madaktari wa macho watakuja hospitali hapa Voi na kukaa wiki moja wakipasua. Mwakio alikuwa amemwandikisha mama mapema. Mama hakutaka. Huku kuna maneno kwamba wakikutoa jicho wanakuwekea la mbuzi. Mama alisema haamini, lakini akaongeza kwamba yeye hana haja ya kuzeeka akitamani majani ya watu. Tukacheka, akacheka, na hakuna aliyesema atakwenda. Mimi nilijua hofu yake ni kisu. Mwakio alijua. Sote tukazunguka zunguka.

Jumapili nilikwenda kanisani na Mwakio. Mama alisema jua litamsumbua, atabaki. Tuliporudi nikamkuta Mama Mutua ameketi naye, na mama ameweka leso mbichi juu ya jicho la kulia, machozi yanashuka shavuni. Mama Mutua alinitazama kama mtu aliyevunja chungu cha watu. Akaniambia mama alituma aletewe shabu kidogo, naye akadhani ni ya mtungi.

Nikaelewa hapo hapo. 

Mama alikuwa ameisaga, akaichanganya na maji kijikoni, akadondoshea jichoni, akalala chali akingoja tope lishuke.

Nilimfokea. Nilimfokea mama yangu, mimi, huku namwosha jicho kwa maji yaliyochemshwa. Nilisema mambo ya kemikali, nilisema mambo ya upofu, nilimwuliza anafikiri jicho ni mtungi. Alivumilia mpaka nikaishiwa na pumzi. Kisha akasema, "Si wewe ulisema ni maji ya bwawa? Mimi maji ya bwawa nayasafisha tangu hujazaliwa."

 Akaendelea taratibu kunieleza kwamba amejaribu jicho moja tu, lile lililoharibika zaidi, kwa sababu hata yeye hatii shabu mitungi yote kabla ya kuonja mmoja. Mama Mutua akatoka nje. Nilimsikia anacheka na kulia pamoja.

Jumatatu landrova ya ranchi ilituleta hapa. Daktari ni mtu mpole, mwenye sauti ya chini, aliyelitazama jicho la mama kwa taa yake ndogo kwa muda mrefu. Kioo cha mbele hakikuumia, alisema, Mungu ametusaidia. Lakini jicho lilikuwa jekundu kama nyanya, na jicho jekundu halipasuliwi. Nikamwomba apasue la kushoto. Akasema la kushoto bado halijaiva. La kulia ndilo limeiva, tena limeanza kuiva kupita kiasi, na likiachwa linaweza kupasuka lenyewe ndani na jicho likafa kabisa. Akatupa dawa ya kupaka. Turudi Ijumaa, ndiyo siku yao ya mwisho. Moshi usimguse, vumbi lisimguse. Kama Ijumaa wekundu haujaisha, hawezi kumgusa, na safari yao nyingine hajui itakuwa lini.

Moshi na vumbi! Ndara, Oktoba, mwaka wa ukame.

Niliona safari yangu ya kurudi Ulaya inakaribia, nikaona nitapanda ndege nimemwacha mama gizani, na giza lenyewe nimelitia mimi kwa mdomo wangu mtamu. Nililia chooni ili asisikie. Lakini masikio ya mama siku hizi yanasikia mpaka mchwa. Nilipotoka akaniambia nioshe uso, kisha nipike, ana njaa.

Basi nikashika kazi ninayoijua. Maabara kwetu adui mkubwa si kingine, ni vumbi. Punje moja ikiingia kwenye kichupa inametameta kuliko chembe zako zote na siku nzima imeharibika. Tumefundishwa kulikataa vumbi kama dini. Kwa hiyo nikaning'iniza leso zilizolowa mlangoni na madirishani, na kila zikikauka nazilowesha tena kwa maji ya tope yanayobaki chini ya mtungi, hayo hayana kazi nyingine. Nikanyunyizia sakafu maji kabla ya kufagia. Viatu nje. Mwakio akitoka kazini anajikung'uta nje mbali na nyumba, ndiyo aruhusiwe kumsalimia mama yake. Kuku walipigwa marufuku.

Jiko nikalihamishia nje upande ambao upepo hauji, na mama nikamkataza kulisogelea. Hapo ndipo tulipogombana kweli. Mwanao akirudi kutoka mbali unampikia, hiyo haina mjadala kwetu. Mama alikuwa amenipikia kila siku tangu nifike, kwa kupapasa, hajawahi kuunguza kitu. Sasa alikaa ndani nyuma ya leso zinazodondoka maji, amefungwa jicho, anasikiliza mimi nikisonga sima ya mahindi ya njano yale ya msaada. Sima yangu ilikuwa na mabuje. Alikula. Akasema huko Ulaya wamenifundisha kuchanganya chembe, lakini hizi zimekataa kushikana.

Siku iliyofuata nikiwa nampaka dawa aliniuliza kwa nini shabu haikufanya kazi. Hakuuliza kwa lawama. Alitaka kujua tu, kama Mwakio anavyotaka kujua kuhusu pampu. Akasema kama maji yanatua, mtungi hauhitaji kisu, na yeye alitarajia hivyo hivyo.

Nilifikiri sana kabla ya kujibu. Safari hii nilipima kila neno, maana nimeshaona mama yangu anafanya nini na maneno yangu. Nikamwambia nilikosea mfano. Tope limeingia majini kutoka nje, ndiyo maana linaweza kutoka. Lakini chembe za jicho zilikuwa humo tangu azaliwe, zikiwa zimetandazika sawasawa, mwanga unapita bila hata kuzijua. Kisha miaka ikapita, jua, moshi wa kuni, zikaanza kushikana mafundo mafundo. Nikamwambia afikirie ute wa yai. Ukiwa mbichi unaona mpaka chini ya bakuli. Ukiuweka motoni unakuwa mweupe. Hakuna kilichoongezwa ndani, ni ule ule, umeshikana tu.

Akakunja uso. Nilimwona anapika yai kichwani.

"Na yai likishaiva," akasema, "hulirudishi."

Hulirudishi, mama. Hakuna shabu yake.

 Nje mbuzi walikuwa wanapita na kengele zao. Kisha akasema basi litolewe, afadhali litolewe, na kama watatia la mbuzi tutaonana mbele ya safari. Hivyo tu. Maneno yote ya Mwakio, ya mchungaji, ya daktari, na kilichomkubalisha kisu ni yai.

Akaniuliza tena kuhusu kile kichupa cha angani. Alitaka kujua huko tope lisipozama watu wanakunywa maji gani. Nikamwambia sijui. Akasema niulize, maana watu wasitumwe mahali bila kufikiriwa maji.

Ijumaa asubuhi kabla ya kuondoka niliogopa kuliangalia jicho. Nilimfunika uso wote kwa leso mbichi, nikamweka mbele kwenye landrova, vioo vimefungwa, tukaiva humo ndani kwa joto njia nzima. Alisema ameshakuwa yai yeye mwenyewe.

Daktari alimfunua. Akawasha taa yake ndogo. Akamwambia atazame juu, chini, kushoto. Mimi nilikuwa nimeshika ukuta.

Akasema, "Limetulia."

Walimpasua mchana. Alikuwa macho, wanamchoma sindano ya ganzi tu, na baadaye alituambia kwamba alisikia kila kitu, na madaktari wale wanapofanya kazi wanazungumza habari za mpira. Hilo lilimkasirisha kidogo. Kisha likamtuliza, kwa sababu mtu mwenye wasiwasi hawezi kuzungumza mpira.

Sasa leo.

Waliniambia nije wakati wa kufungua, kwa kuwa wagonjwa wengine wanashtuka. Mwakio alisimama upande wa miguu ya kitanda ameshika kofia yake. Daktari alitueleza kwamba kile kioo cha ndani kilichoiva ameshakitoa, kwa hiyo bila miwani mama ataona ukungu wa rangi tu. Akatoa miwani ya kumuazima kwa sasa, minene sana, mara mbili ya yangu. Akaanza kukata plasta.

Mkono wangu ukaenda usoni wenyewe. Ulishazoea. Nilikuwa nimeshaishika miwani yangu, nishaivuta mpaka ncha ya pua, na kitanda, daktari, mama, vyote vimeshageuka kuwa madoa.

Hapo nikausimamisha mkono.

Nikivua ataniona, lakini mimi sitamwona akiniona. Nitakuwa nimesimama pale kama kwenye glasi ya maji ya bwawa, wakati uso wa mama yangu unafanya kile utakachofanya, na haitatokea mara ya pili. Wiki nzima nimepigania mwanga umfikie. Nilikuwa tayari kuukosa mimi, kwa ajili ya nini? Ili aendelee kuambiwa kwamba sijabadilika?

Nikairudisha miwani machoni. Nikasogea mbele.

Daktari akaondoa bandeji, akamfuta taratibu, akamvisha ile miwani mikubwa. Mama akapepesa. Machozi yakatoka. Akautazama mkono wake kwanza, akaugeuza nyuma na mbele, kama hajui ni wa nani. Akamtazama Mwakio akamwambia amezeeka. Kisha akageuka kwangu.

Nilimwona akiniona. Siwezi kuliandika vizuri na sitajaribu. Jicho lake lile, nyuma ya kioo, lilikuwa kubwa na jeusi, jeusi kabisa, na ule weupe wa maziwa niliouzoea haupo. Lilinizunguka uso taratibu, nywele, mdomo, kidevu, halafu likaja kwenye macho yangu likakwama hapo.

Tukatazamana, vioo kwa vioo.

Akanyoosha mkono, safari hii haukupapasa, ulikuja moja kwa moja. Akagusa ukingo wa miwani yangu kwa kidole. Nilingoja aseme lile neno lake la zamani. Nilikuwa nimeshatayarisha na majibu.

Akasema polepole, "Na wewe, mwanangu. Usije ukatia shabu."

Mwakio alitoka nje na kofia yake. Daktari alituangalia mmoja mmoja, hakuna aliyemweleza. Mimi nilicheka mpaka nikapiga magoti pale kando ya kitanda, nikaweka kichwa changu kwenye shuka la hospitali, na mama akaniweka mkono kisogoni akaniacha nimalize. Baadaye aliniuliza ni tangu lini. Nikamwambia ukweli. Akaniuliza huko Ulaya ni nani anayeniangalizia haya macho, nani anahakikisha siketi na moshi, nani ananipikia. Nikamwambia najiangalia. Hakuridhika.

Kwa hiyo nimekuja hapa kwenye benchi kuandika, na kuna jambo halinitoki kichwani.

Leza yetu inaweza kuona chembe zinapoanza kushikana, mbili mbili, tatu tatu, kabla maji hayajabadilika rangi kwa jicho la kawaida. Hiyo ndiyo kazi yake. Tunaomba chombo cha anga kitubebee kichupa mpaka huko juu ili tulione hilo vizuri zaidi. Na jicho je? Jicho ni kichupa. Mwanga hafifu, hafifu sana usiounguza, ukiingizwa kwenye jicho la mtu aliye hai, ungemetameta vipi miaka kumi kabla taa haijafuga nywele? Kungekuwa na kitu cha kufanya, yai likiwa bado bichi? Mama ana jicho la kushoto ambalo halijaiva. Nina hakika mtu mahali fulani ameshafikiri hivyo kabla yangu. Kama yupo, nitamtafuta. Kama hayupo, nitamwuliza mwalimu wangu, hata akinicheka. Kichupa cha angani nitakitayarisha, nimeahidi, na swali la maji ya kunywa pia nitalifikisha kama nilivyotumwa.

Lakini nataka kujua mwanga unasemaje ndani ya jicho la mama. Hilo nimeamua leo, hapa, na vumbi hili lote linaloingia kwenye karatasi.

Kitanda chake kiko dirishani, na ananiita. Nilidhani anataka maji. Anasema ananiona kutoka pale alipo, nimeinama mno juu ya daftari, nitayamaliza macho.

Basi naweka kalamu chini.